Slabu itashuka kiasi gani? Namna ya kuhesabu kripu na kusinyaa kwa zege

Fundi seremala aliurandia ule mlango mara mbili. Mara ya kwanza wenye nyumba walikuwa na miezi minne tangu wahamie, akasema mbao zimenyonya unyevu wa masika. Mara ya pili ilikuwa Januari, jua la kaskazi linawaka, na mlango umekwama palepale, kwenye pembe ya juu ya fremu.

"Mzee, mbao hazina kosa," nilimwambia. "Twende chini tukaangalie slabu."

Mlango ulikuwa ghorofa ya kwanza, kwenye ukuta wa bloku uliosimama juu ya slabu yenye upana wa mita 5 kati ya kuta. Tulishuka sebuleni, tukagongelea kipande cha mbao cha mm 50 kwenye dari kila upande, tukavuta uzi wa kujengea katikati ya vipande hivyo. Kama slabu ingekuwa imenyooka, nafasi kati ya uzi na dari ingekuwa mm 50 kote. Katikati ilikuwa mm 24. Slabu ilikuwa imeshuka mm 26.

Hesabu ya slabu ile niliifanya mimi. Karatasi yangu ilisema mm 12.6, na mm 12.6 zile zilikuwa sahihi kwa siku ya kwanza ya mzigo tu. Zilizoongezeka baada ya hapo ndizo ninazotaka tuzihesabu pamoja, hatua kwa hatua, kwa kanuni za Eurocode 2, yaani kanuni za Ulaya za kusanifu majengo ya zege. Unahitaji kikokotoo chenye kipeo, karatasi, na utayari wa kwenda kumuuliza mkandarasi ataondoa mirunda siku gani.

Kwanza, mambo mawili tusiyachanganye. Kusinyaa ni zege kupungua ukubwa linapopoteza maji, na hutokea hata kama halijabeba kitu. Sehemu kubwa hutokana na kukauka, na sehemu ndogo hutokana na saruji yenyewe kunywa maji inapokomaa. Kripu ni zege kuendelea kujikunja na kubonyea taratibu chini ya mzigo uleule usioongezeka. Tazama ubao wa rafu dukani uliobebeshwa mifuko ya sukari. Siku ya kwanza hupinda kidogo, na baada ya mwaka umepinda zaidi, ingawa mwenye duka hajaongeza hata mfuko mmoja. Zege hufanya hivyohivyo kwa miaka mingi.

Wahandisi waliotutangulia walilipa gharama kubwa kulijua hili. Eugène Freyssinet alijenga daraja la Le Veurdre nchini Ufaransa, likakamilika mwaka 1911, kisha akaona matao yake yanashuka mwezi baada ya mwezi. Ikabidi atumie jeki kuyainua tena. Huko Palau, katika Bahari ya Pasifiki, daraja la Koror-Babeldaob lenye mita 241 kati ya nguzo na nguzo lilijengwa mwaka 1977, na katikati yake likashuka kwa zaidi ya mita 1. Lilifanyiwa marekebisho, na tarehe 26 Septemba 1996, miezi michache baadaye, likaanguka na kuua watu 2. Nyumba ya ghorofa moja haitaanguka kwa kripu, ila kuta zitapasuka, vigae vitabanduka na milango itakwama.

Hatua ya 1: Chagua unyevu wa hewa wa mahali jengo lilipo

Herufi yake ni RH, kwa asilimia. Usichukue namba ya kwenye mfano wa kitabu cha Uingereza. Kwa zege lililo wazi katika hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mimi hutumia 75. Kwa Dodoma na maeneo mengine makavu ya bara hutumia 60. Kwa ofisi yenye kiyoyozi kinachofanya kazi kutwa, hata iwe ufukweni, shuka hadi 50, maana kiyoyozi hukausha hewa na zege huishi ndani ya hewa hiyo. Hewa kavu huongeza kripu na kusinyaa vyote viwili.

Hatua ya 2: Tafuta unene wa kukaukia

Huitwa h0, nao ni mara 2 ya eneo la mkato wa zege ukigawanya kwa urefu wa mzingo unaogusa hewa. Slabu ya mm 200 inayokauka juu na chini ina h0 ya 200. Ukifunika juu kwa vigae mapema, au ikiwa ni sakafu iliyomwagwa juu ya nailoni ardhini, inakauka upande mmoja tu, na h0 inakuwa 400. Zege nene hukauka polepole na kiwango chake cha mwisho ni kidogo zaidi.

Hatua ya 3: Ijue siku zege litakapobeba mzigo

Hapa ndipo wabunifu wengi hupita haraka, nami nilipita hivyohivyo. Herufi yake ni t0, umri wa zege kwa siku pale mirunda inapoondolewa na slabu kuanza kujibeba. Zege changa likibebeshwa hutambaa zaidi maisha yake yote, si wiki ile tu. Kwenye michoro mingi siku hii haijaandikwa popote, kwa hiyo anayeiamua ni fundi anayetaka mbao zake akafanye kazi kwingine.

Umri wa kalenda unahitaji kurekebishwa mara mbili. Marekebisho ya kwanza ni ya joto. Kwa kanuni ya Eurocode 2, siku moja katika nyuzi 30 huhesabiwa kama siku 1.57 za nyuzi 20, hivyo siku 7 za joto la pwani ni sawa na siku 11 hivi. Katika nyuzi 15, kwenye baridi ya Julai nyanda za juu, siku moja huhesabiwa 0.79 tu. Mkandarasi aliyezoea kazi za Dar akienda Njombe na ratiba yake ileile ya mirunda anabebesha zege changa kuliko anavyodhani.

Marekebisho ya pili ni ya saruji, na jibu lipo kwenye mfuko. Ukiona 32.5N, hiyo ni saruji ya kundi S, inayokomaa taratibu. 32.5R na 42.5N ziko kundi N. 42.5R na zilizo juu yake ziko kundi R. Kwa kundi N huna la kurekebisha. Kwa kundi S, siku 7 zinageuka kuwa siku 4 katika hesabu, na kripu inapanda kwa takriban asilimia 11. Watu hununua 32.5 kwa sababu ya bei, na aliyesanifu alidhani 42.5. Uliza.

Hatua ya 4: Hesabu kripu

Kwa zege ambalo nguvu yake ya wastani, fcm, haizidi MPa 35 (megapaskali, kipimo cha nguvu ya zege):

φ = A × B × C
A = 1 + (1 − RH/100) ÷ (0.1 × ∛h0)
B = 16.8 ÷ √fcm
C = 1 ÷ (0.1 + t0^0.2)

Kwa zege imara kuliko hilo A hupunguzwa kwa vizidishi vyake, na kanuni inavieleza vizuri.

Tuchukue slabu yetu: zege C25/30, yaani la MPa 25 likipimwa kwa silinda na 30 kwa mchemraba, kwa hiyo fcm ni 25 + 8 = 33. Unene mm 200, inakauka pande zote mbili. RH 75, mirunda siku ya 7, saruji kundi N. Joto naliacha nyuzi 20 ili hesabu iwe rahisi kufuata.

A = 1 + 0.25 ÷ 0.585 = 1.43
B = 16.8 ÷ 5.74 = 2.92
C = 1 ÷ 1.576 = 0.635
φ = 2.65

Maana yake ni kwamba mfinyo wa taratibu utafikia mara 2.65 ya mfinyo wa papo hapo, ukiongezeka juu ya ule wa kwanza. Mirunda ikikaa siku 28, φ inashuka hadi 2.04. Ukiihamishia slabu hiyohiyo Dodoma, RH 60, mirunda siku ya 7, φ inapanda hadi 3.13. Kutoka 2.04 hadi 3.13, na mchoro ni uleule.

Angalia pia mgandamizo kwenye zege siku ya kubebeshwa. Ukizidi 0.45 ya nguvu ambayo zege linayo siku hiyo, kripu hukua kwa kasi kuliko hesabu hii. Slabu iliyorundikiwa bloku za ghorofa ya juu ikiwa na wiki moja inaweza kufika huko.

Hatua ya 5: Hesabu kusinyaa

Kwa C25/30 na saruji ya kundi N, kusinyaa kwa kukauka kunaanzia 378 × β, kwa sehemu za milioni, ambapo β = 1.55 × [1 − (RH/100)³]. Kwa RH 75, β ni 0.896, unapata 338. Zidisha kwa kizidishi cha unene: 1.0 kwa h0 ya 100, 0.85 kwa 200, 0.75 kwa 300, na 0.70 kuanzia 500. Sisi tunapata 288. Ongeza kusinyaa kwa saruji yenyewe, 2.5 × (25 − 10) = 37.5. Jumla ni 325 kwa milioni.

Namba hiyo ni mm 0.325 kwa kila mita. Slabu ya mita 30 inataka kufupika kwa karibu mm 10. Kwa RH 60 jumla inafika 428, yaani karibu mm 13. Weka rula mezani uangalie mm 13 ni nafasi gani, kisha fikiria kuta mbili za lifti zimeishika slabu hiyo kila mwisho.

Mlinganyo huu hauoni ndoo ya maji anayoongeza kibarua ili zege liteleze. Unaona nguvu tu. Maji ya ziada hushusha nguvu na kuongeza kusinyaa kwa pamoja, kwa hiyo kipimo cha slampu, kinachoonyesha ulaini wa zege bichi, kinalinda hesabu yako kama nondo zinavyoilinda.

Hatua ya 6: Geuza vyote kuwa mbonyeo (kiasi slabu inavyoshuka)

Kripu huingizwa kwa kulegeza moduli ya unyumbufu ya zege, yaani kipimo cha ugumu wake. C25/30 ina GPa 31. Igawanye kwa (1 + φ): 31 ÷ 3.65 = GPa 8.5. Hayo 31 ni ya kokoto ngumu. Kokoto za chokaa huipunguza kwa asilimia 10, na kokoto za mchangajiwe kwa 30. Kokoto za mgodi wa Lugoba na zile za matumbawe ya pwani si kitu kimoja, ingawa kwenye ankara zote ni "kokoto".

Nondo ni T12 (za kipenyo cha mm 12) kila mm 150, yaani mm² 754 kwa mita, na kina hadi nondo ni mm 169. Mzigo wa kudumu: uzito wa slabu 5.0, sakafu na plasta 1.5, kuta nyepesi 1.0, na asilimia 30 ya mzigo wa watu wa 2.0, ambayo ni 0.6. Jumla kN/m² 8.1. Usitumie mzigo wote wa watu, maana kripu hulishwa na mzigo usioondoka. Momenti, yaani nguvu ya kupinda slabu, katikati ni 8.1 × 5² ÷ 8 = kNm 25.3.

Slabu hupasuka kwa kNm 17.3, nguvu ya mvuto ya zege ikiwa MPa 2.6. Kwa kuwa 25.3 ni kubwa kuliko 17.3, sehemu ya kati ina nyufa nyembamba. Unahesabu upindaji wa mkato mzima na wa mkato uliopasuka, kisha unauchanganya kwa ζ = 1 − β × (17.3 ÷ 25.3)². β hii si ile ya kusinyaa: kwa mzigo wa muda mfupi ni 1.0, kwa mzigo wa kudumu ni 0.5. Hivi ndivyo nilivyopata:

Siku ya kwanza, moduli ikiwa 31: mm 12.6.
Baada ya kripu, moduli ikiwa 8.5: mm 23.5.
Kusinyaa: mm 5.6 zaidi.
Jumla: mm 29.

Kikomo cha kawaida ni upana ÷ 250, hapa mm 20. Slabu iliyopita mtihani kwa mm 12.6 imeshindwa kwa mm 29. Uzi wetu ulisoma mm 26, na slabu ilikuwa bado na miaka mbele yake.

Wengi huuliza kusinyaa kunabonyezaje slabu wakati hakuna uzito. Nondo ziko chini. Zege la juu linafupika bila kuzuiwa, la chini linashikwa na nondo, hivyo slabu inajikunja kuelekea chini kama karatasi iliyopakwa gundi upande mmoja. Upindaji huu ni sawa slabu nzima, ndiyo maana mbonyeo wake huzidishwa kwa L² ÷ 8 (L ni upana wa slabu) na si 5L² ÷ 48 inayotumika kwa mzigo uliotandazwa.

Kuhusu muda, kwa slabu hii asilimia 40 ya kripu inatoka mwezi wa kwanza na asilimia 75 ndani ya mwaka. Kusinyaa kwa kukauka kunafika nusu baada ya siku 113. Ukuta uliojengwa juu ya slabu siku ya 20 utabeba sehemu kubwa ya masumbuko haya. Ukijengwa miezi 3 baada ya kumwaga, karibu nusu yake imeshapita. Kwa kuta zinazopasuka kirahisi kikomo ni upana ÷ 500 kwa mbonyeo unaotokea *baada* ya ukuta kujengwa. Katika nyumba za kuishi kikomo hiki ndicho huanza kuleta malalamiko.

Hatua ya 7: Rekebisha, na rudia hesabu

Nilipoirudia ile slabu kwa unene wa mm 225 na mirunda hadi siku ya 14, φ ilikuwa 2.30 na jumla ya mbonyeo mm 21. Nikasogeza nondo kuwa T12 kila mm 125, nikapata mm 19. Unene ulifanya kazi kubwa kuliko nondo, kwa sababu uliongeza kina na pia ukapunguza kupasuka. Kwenye bimu, nondo za juu katikati ya upana husaidia sana dhidi ya kripu, kwani hubeba mgandamizo ambao zege linaukimbia. Njia nyingine ni kuinua fomu katikati kabla ya kumwaga. Hiyo huficha mbonyeo machoni lakini haiokoi ukuta hata kidogo, kwa hiyo naitumia mwishoni kabisa.

Hatua ya 8: Tafuta kinachoizuia slabu isifupike

Zile mm 10 za slabu ya mita 30 hazina madhara kama slabu inateleza huru. Madhara huja ikishikwa. Weka kuta ngumu, kama za ngazi na lifti, karibu na katikati ya jengo badala ya kwenye ncha mbili. Ikishindikana, acha ukanda wa mita 1 bila zege katikati ya slabu, nondo zikipishana, uumwage baada ya miezi 2 au 3. Nondo zisipungue kiwango cha chini cha kanuni pande zote mbili za slabu, na ziwe nyembamba na za karibukaribu, maana T10 kila mm 150 hudhibiti nyufa vizuri kuliko T16 kila mm 380, ingawa chuma ni kilekile.

Kwa zege lililovutwa kwa nyaya, yaani lililobanwa na nyaya za chuma zilizovutwa, kripu na kusinyaa vikifupisha zege kwa sehemu 700 kwa milioni, waya unapoteza 0.0007 × 200,000 (moduli ya chuma) = MPa 140 za mvuto. Chuma cha kawaida kilichovutwa kwa MPa 150 kingebaki karibu bila kitu. Waya wa MPa 1,200 unabaki na zaidi ya 1,000. Freyssinet alilielewa hili baada ya Le Veurdre, na mwaka 1928 akachukua hataza ya zege la kuvutwa kwa chuma chenye nguvu kubwa.

Hatua ya 9: Peleka hesabu saiti

Kila namba uliyoidhania iandike kwenye mchoro, kwa maneno ambayo msimamizi atayasoma amesimama juu ya ngazi. Kwangu huwa hivi: "Mirunda isiondolewe kabla ya siku 14 na kabla mchemraba haujafika MPa 20. Saruji 42.5N. Maji yasiongezwe baada ya zege kutoka kwenye mashine. Mwagilia siku 7 mfululizo. Bloku zisirundikwe juu ya slabu. Kuta za ndani zijengwe kuanzia miezi 3 baada ya kumwaga, na ziache mm 20 chini ya slabu ya juu, zijazwe kwa kitu laini."

Halafu pima. Soma levo katikati na kwenye kingo za slabu siku mirunda inapoondoka, baada ya miezi 3, na baada ya mwaka 1. Usomaji wa kwanza ukizidi sana mbonyeo wa siku ya kwanza uliouhesabu, kuna dhana mojawapo haikufuatwa, na bado kuna muda wa kubadili kuta kabla hazijajengwa.

Katika ile nyumba tulisoma levo kwa miezi 14 zaidi. Slabu ilishuka mm 2 nyingine, kisha masomo mawili ya mwisho yakalingana. Ndipo ukuta wa bloku ukavunjwa, ukawekwa wa mbao nyepesi ulioacha nafasi juu. Seremala yuleyule akafunga fremu mpya, akaupima mlango kwa pembe mraba mara tatu kabla ya kukaza bawaba.